Resonansi Zisizotakiwa katika Koili za Vichujio vya Redio: Maswali na Majibu

Swali la 1. Mchoro unaonyesha koili tupu. Resonansi inatoka wapi?

Kapasita imo, ila haikuchorwa. Kila mzunguko wa waya na jirani yake vina tofauti ya volti, na katikati kuna hewa au vanishi. Kapasitansi hizo ndogo zikijumlishwa, koili nzima huwa kama imefungiwa kapasita sambamba nayo.

Swali la 2. Koili ya maikrohenri 1 ina kapasitansi ya pikofaradi 1. Tafuta masafa ya resonansi.

f₀ = 1 ÷ (2π√LC), yaani karibu megahezi 159. Usiishie hapo, maana alama nyingi zimo kwenye maelezo. Juu ya masafa hayo koili hutenda kama kapasita. Hata chini yake indaktansi inayoonekana hupanda: L ÷ (1 − (f/f₀)²). Ukifika nusu ya f₀ imeshaongezeka kwa theluthi moja, na kichujio ulichokikokotoa si kile ulichokijenga.

Swali la 3. Kichujio cha kupitisha masafa ya chini chenye koili hiyo katika mfululizo kitaathirikaje?

Karibu na megahezi 159 huzuia zaidi kuliko ulivyotarajia. Juu zaidi, harmoniki hupenya kupitia kapasitansi ya koili hadi kwenye antena.

Swali la 4. Kwa nini choki ya anodi katika amplifaya ya valvu ya megahezi 1.8 hadi 30 huweza kuungua?

Hili lisome kwa makini. Waya mrefu wa choki una resonansi kadhaa, wala kapasita moja haitoshi kuzieleza. Bendi ikiangukia resonansi ya mfululizo, ukinzani wa choki hushuka, mkondo wa redio huijaa na vanishi huanza kutoa moshi. Kwa hiyo pima kwanza. Zima umeme, hakikisha kapasita zote zimemaliza chaji, kisha unganisha ncha mbili za choki kwa waya mfupi. Sogeza dipmita (kifaa cha kutafutia masafa ya resonansi) karibu na choki, zungusha kitufe polepole na utazame sindano. Ikidondoka ndani ya bendi, badilisha idadi ya mizunguko. Choki ipimwe ikiwa mahali pake, kwani bati la kasha likiwa karibu huhamisha resonansi.

Swali la 5. Taja njia nyingine za kurekebisha.

Achanisha mizunguko, au gawa koili katika vipande vyenye nafasi kati yao. Rezista sambamba hushusha kilele cha resonansi lakini hula nguvu. Inafaa kwenye choki za laini ya umeme wa DC, si kwenye koili zinazopitisha mawimbi.