Kuhamisha Daftari la Wateja kwa Usalama

Swali: Ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma inatakiwa kupokea toleo jipya la programu ya anwani za wateja. Tujihadhari na nini?

Jibu: Ndugu karani, kabla hujagusa kitufe chochote, toa nakala ya orodha nzima katika faili la CSV, uiweke kwenye diski ya nje, kisha uifungue katika kompyuta nyingine, kwani nakala isiyojaribiwa haistahiki kuitwa akiba. Hatari kubwa, kwa watu wa mpakani, imo katika namba za simu: Excel ikizidhania kuwa hesabu huziondolea sifuri ya mwanzo, na namba ya Nakonde, upande wa Zambia, isiyo na msimbo wa 260, ikishapoteza sifuri yake, ni taabu kuipambanua na ya Vwawa, upande wa Tanzania, basi iandikie kila namba msimbo wa nchi, na safu hiyo uiingize kama maandishi. Programu yenyewe ichukue kwa mtengenezaji wake, wala si kwenye flashi ya rafiki, na kompyuta iwe na UPS, isije ikazimika umeme ukikatika katikati ya kazi. Diski hiyo ifungie kabatini, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 yakuwajibisha kuhifadhi siri za wateja hata zikiwa katika nakala.