SOMO: MAJIBU YETU YALIENDA WAPI? Kutafuta Tasnifu za Vyuo Vikuu kwenye Intaneti

Wapendwa wanavikundi wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu,

Leo tunaanza na swali. Ni wangapi kati yenu mmewahi kutembelewa na kijana kutoka chuo kikuu, amebeba karatasi za maswali? Mlimpa kiti, mkampa chai. Akauliza una ng'ombe wangapi, maji unateka wapi, mwaka jana ulivuna magunia mangapi. Akaandika yote, akasema asante, akaenda. Hamkumwona tena.

Sasa, yale majibu yenu yalienda wapi?

Majibu hayakupotea. Yaliandikwa katika kitabu kinachoitwa tasnifu, na siku hizi tasnifu nyingi zinapatikana bure kwenye intaneti. Tatizo ni kwamba sisi tulioulizwa maswali ndio wa mwisho kuzisoma.

SHABAHA YA SOMO

Mkimaliza somo hili, kikundi chenu kiweze:
(a) kueleza tasnifu ni nini;
(b) kutafuta tasnifu inayohusu shida yenu na mahali penu;
(c) kuipima kabla ya kutoa pesa za kikundi.

1. KWA NINI TUJISUMBUE?

Kuna kikundi cha akina mama tunachofanya nacho kazi huko juu Embu, karibu na msitu. Wanafuga ng'ombe wa maziwa. Chakula cha gunia kilipopanda bei, walikubaliana wachukue mkopo katika akiba yao wanunue magunia mengi kwa pamoja. Kabla pesa hazijatoka, binti wa mama mmoja alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo. Akawaambia, "Mama, ngojeni kwanza niangalie kama kuna mtu ameshachunguza jambo hili." Akatafuta kwa simu.

Alipata maandishi ya utafiti uliofanywa hapo hapo Embu miaka ya 1990, katika kituo cha utafiti cha Embu na katika mashamba ya wakulima, juu ya mti wa malisho unaoitwa kaliandra. Watafiti walipima wakaona kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kuchukua nafasi ya kilo 1 ya chakula cha gunia. Waliona pia kwamba ng'ombe mmoja akipewa kilo 6 za majani hayo kila siku mwaka mzima, mwenyewe anahitaji kuwa na miti kama 500. Miti hiyo haitaki shamba lake peke yake. Hupandwa kwenye mipaka, kwenye ua na kwenye kingo za fanya-juu.

Akina mama hawakuacha gunia mara moja, kwa sababu mti hauoti kwa siku moja. Lakini mkopo waliuchukua mdogo, na pesa zilizobaki wakaanzisha kitalu cha miche. Mambo haya yalikuwa yamejulikana miaka mingi, tena kwa majibu ya majirani zao wenyewe!

Sasa sikieni upande wa pili. Kikundi kingine, huko chini Mbeere kwenye joto, kilisikia habari za wenzao. Hawakusoma chochote, walinunua tu miche ya kaliandra wakapanda. Msimu wa mvua ulipokatika, karibu yote ilikauka. Kaliandra inataka mvua ya kutosha, na kule chini mvua ni haba. Kumbe kwa upande wao kulikuwa na maandishi mengine. Mwaka 2000 Ralph Roothaert alimaliza tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, juu ya miti ya malisho katika Kenya ya kati. Ndani yake yumo mkulima wa Embu na wa Mbeere, na miti ya asili ambayo yeye mwenyewe huikatia mifugo yake. Elimu ya wazee wetu ilisafiri mpaka Uholanzi, na sisi tuko hapa tunakausha miche.

Ndiyo sababu tunasema: kabla ya kutoa pesa, tafuteni. Mkipata, someni vizuri.

2. TASNIFU NI NINI?

Mwanafunzi anayetafuta shahada ya pili au ya udaktari huchagua swali moja, hulichunguza, kisha huandika kitabu. Walimu hukisoma na kumhoji kabla hajapewa shahada. Kitabu hicho ndicho tasnifu.

Msifikiri ni kilimo tu. Kuna tasnifu za afya, maji, elimu, ndoa, biashara, miraa, makanisa, hata za vikundi kama vyenu. Kwa mfano, Lynn Thomas wa Marekani alichunguza historia ya wanawake wa Meru, pamoja na mwaka 1956 Njuri Ncheke ilipopiga marufuku tohara ya wasichana, na wasichana wengi wakakataa kutii. Tasnifu yake ilifuatwa na kitabu mwaka 2003. Jack Glazier naye alichunguza mambo ya ardhi na koo za Mbeere, na kitabu chake kilitoka mwaka 1985. Lakini angalieni: maandishi kama haya hutusaidia kuelewa tulikotoka. Si hati ya shamba, msiende nayo kugombana na jirani.

3. JIANDAENI KABLA YA KUTAFUTA

Kwanza, kaeni pamoja mwandike swali MOJA. "Tunataka kujua juu ya maji" ni kubwa mno. "Kwa nini miradi ya maji ya bomba huku kwetu hufa baada ya miaka michache?" hilo linatafutika.

Pili, ligeuzeni swali kuwa maneno machache ya Kiingereza, maana tasnifu nyingi za Kenya zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwombeni mwalimu au mwanafunzi awasaidie. Kwa mfano, andikeni "community water project Tharaka thesis", au "dairy goats Meru thesis", au "fodder trees Embu thesis".

Tatu, na hili wengi hulisahau, tumieni majina ya zamani ya mahali. Mipaka yetu imebadilika mara nyingi. Tharaka-Nithi ilitoka Meru mwaka 1992. Mbeere ilitengwa na Embu mwaka 1996 ikawa wilaya yake. Tangu 2013 tuna kaunti: Meru, Tharaka-Nithi na Embu. Basi mtu wa Chuka asiandike "Tharaka-Nithi" peke yake. Ajaribu pia "Meru South", "Nithi" na "Chuka". Mtu wa Siakago ajaribu "Mbeere District", na "Mbere" yenye e moja, kwa maana wengine waliandika hivyo. Jaribuni pia "Eastern Province".

4. MAHALI PA KUTAFUTA

Simu yenye intaneti inatosha. Kama hamna, nendeni saiba ya sokoni, au ulizeni katika maktaba ya umma.

(a) Google Scholar. Hii ilianza mwaka 2004 na inatafuta maandishi ya kitaalamu peke yake. Andikeni maneno yenu hapo kwanza. Mkiona alama ya PDF pembeni, hiyo mara nyingi inafunguka bure.

(b) Hazina za vyuo vyetu. Andikeni jina la chuo kisha neno "repository", yaani hazina. Hapa kwetu kuna Chuo Kikuu cha Chuka, Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, na Chuo Kikuu cha Kenya Methodist. Lakini kumbukeni vyuo hivi bado ni vijana: Chuka na kile cha Nchiru vilipata hati mwaka 2013, Embu mwaka 2016. Kwa hiyo tasnifu za zamani juu yetu zitafuteni katika hazina za Nairobi, Kenyatta, Egerton na Jomo Kenyatta kule Juja.

(c) Mikusanyo ya dunia nzima. Mwaka 1997 chuo cha Virginia Tech cha Marekani kilianza kuwataka wanafunzi wake walete tasnifu kwa kompyuta, na vyuo vingine vikafuata. Leo kuna mkusanyo unaoitwa NDLTD, na mwingine unaoitwa OATD. Hii hukusanya habari za tasnifu za nchi nyingi na kuwaonyesha mahali pa kuzisomea. Tumieni kama mtafiti wenu alikuwa mgeni. Tasnifu za Chuo cha Wageningen zinapatikana katika maktaba ya chuo hicho kwenye intaneti.

Mkikuta muhtasari tu, kitabu kimefungwa, msikate tamaa. Waandikieni wasimamizi wa maktaba ya chuo hicho, mseme nyinyi ni nani na mnataka nini. Na jambo moja la hatari: hazina za vyuo vikuu hazidai pesa kumfungulia msomaji. Mtu akiwaambia mtume pesa kwa M-Pesa ndipo afungue, acheni.

5. JINSI YA KUISOMA

Tasnifu ina kurasa nyingi. Msianze ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, mtachoka. Someni muhtasari ulio mwanzoni. Kama unawagusa, rukeni mpaka matokeo, kisha mapendekezo. Mtu mmoja asome kwa sauti na kutafsiri kwa Kimeru au Kiembu, karani aandike.

Halafu ulizeni maswali manne:

WAPI? Ni huku juu penye majani-chai, au chini penye mtama na ndengu? Hapo ndipo wenzetu wa Mbeere walipojikwaa.

LINI? Bei za mwaka 2000 si za leo. Lakini udongo na tabia ya mti havibadiliki haraka hivyo.

WANGAPI? Kama waliulizwa watu kumi na watano wa soko moja, msiseme "utafiti umeonyesha Meru yote".

WALIPIMA AU WALISIKIA? Kupima maziwa kwa kilo kila asubuhi ni jambo moja. Kumwuliza mkulima kama anafikiri maziwa yaliongezeka ni jambo lingine. Yote mawili yana faida, lakini uzito wake si sawa.

Hata tasnifu ikipita maswali yote manne, jaribuni kidogo kwanza. Miche ishirini kwa kila mwanachama, msimu mmoja. Mwanafunzi anaweza kukosea, na shamba lako halikuwa katika hesabu yake.

6. MTAFITI AKIJA TENA

Mpokeeni vizuri kama kawaida yetu. Lakini siku hizi mtafiti anatakiwa kuwa na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Si ukali kumwomba awaonyeshe. Karani aandike jina lake, chuo chake na kichwa cha utafiti. Kisha mwambieni kwa upole: "Mwanetu, ukimaliza tuletee muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili." Wengine watafanya. Asiporudi, jina na kichwa mnavyo, mtamtafuta wenyewe katika hazina ya chuo chake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni watafiti gani wamewahi kuja kijijini kwetu? Walikuwa wanauliza juu ya nini?
2. Je, kuna wakati tulipoteza pesa za kikundi kwa jambo ambalo pengine lilikuwa limeshachunguzwa?
3. Ni nani katika familia zetu anasoma chuo na anaweza kutusaidia kutafuta?
4. Wazee wetu wanajua nini ambacho hakijaandikwa na mtu yeyote?

KAZI YA MWEZI

Chagueni swali moja. Wekeni pesa kidogo ya bando kutoka mfuko wa kikundi, na mweka hazina aiandike. Watu wawili watafute, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, ili kijana ajue simu na mtu mzima ajue shamba. Mkutano ujao walete tasnifu moja, na wajibu yale maswali manne mbele ya wote.

Kuuliza si ujinga, ndugu zetu. Sisi tuliulizwa tukajibu. Sasa ni zamu yetu kuuliza.

Tukutane katika somo lijalo.