Vilima vya Njano vya Johannesburg: Sumu Isiyooza na Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kulima au Kuhamia

Anayeingia Johannesburg kutokea kusini huviona kabla hajayaona maghorofa: vilima vya njano iliyopauka, bapa juu kama meza, ubavuni vimechanwa na mvua. Ni mawe yaliyotolewa chini ya ardhi tangu dhahabu ilipogunduliwa Langlaagte mwaka 1886, yakasagwa hadi unga, yakachenjuliwa, kisha yakamwagwa papo hapo. Mchimbaji wa Geita akivitazama atajua ni nini, maana kwao mabaki ya namna hii huitwa marudio. Kinachotofautiana ni ukubwa. Ukanda wa Witwatersrand una malundo yapatayo 270, yaliyokalia takriban kilomita za mraba 400. Riverlea, Davidsonville, Snake Park na sehemu nyingine za Soweto zimejengwa pembeni mwa malundo hayo, na kuna nyumba zilizotenganishwa na lundo kwa upana wa barabara tu.

Ndugu zetu wengi wanaokuja kutafuta maisha hapa, watu wa Bukavu, Lubumbashi, Kigoma na Mombasa, huanzia Yeoville, kisha kodi ikiwashinda husogea kusini na magharibi ya jiji. Huko chumba ni nafuu, ua ni mkubwa, na kuna nafasi ya kupanda lengalenga na matembele. Kabla hujashika jembe, ni vema ujue udongo huo umebeba nini.

Watu huogopa zaidi sianidi, kwa sababu ndiyo iliyochenjulia dhahabu ya hapa tangu mwaka 1890. Sianidi huua ikiwa mbichi, lakini jua na hewa huivunja. Kinachobaki ni kile kisichovunjika: risasi, aseniki, zebaki na urani. Mawe ya Witwatersrand yana urani kwa asili yake, na kiwanda cha kwanza cha kuitoa kilifunguliwa karibu na Krugersdorp mwaka 1952 tu. Malundo ya kabla ya hapo yalimwagwa na urani yake yote. Nusu ya urani iliyomo humo itachukua miaka bilioni nne na nusu kupungua. Mafuta ya gari yakimwagika, vijidudu vya udongoni huyala na baada ya muda yakaisha. Risasi haiozi, hakuna kijidudu kinachoila ikaisha, wala haichomeki.

Ndiyo maana neno "kusafisha" linahitaji kuangaliwa kwa makini. Metali inaweza kuhamishwa. Inaweza kufungiwa pale ilipo isipeperuke wala isivuje. Au inaweza kuchujwa kutoka kwenye maji, na hapo hubaki tope lenye sumu ile ile. Mtu yeyote akija mtaani kwenu na kusema anasafisha, muulize: inakwenda wapi?

Maji yaliyopanda kutoka mashimoni

Mawe haya yana pairaiti, madini yanayong'aa kama dhahabu ila ni chuma na salfa. Pairaiti ikikutana na hewa na maji, hutoa tindikali. Tindikali huyeyusha metali nyingine zilizomo ndani ya mwamba na kuzibeba. Migodi ilipokuwa ikifanya kazi, pampu zilitoa maji usiku na mchana. Ilipofungwa, pampu zikazimwa, na mashimo yaliyounganika chini kwa chini yakaanza kujaa.

Mwaka 2002 maji hayo yalitokea juu ya ardhi upande wa magharibi, Randfontein, yakatiririka kwenye kijito cha Tweelopie kuelekea hifadhi ya wanyama ya Krugersdorp. Yalikuwa mekundu kama kutu na makali kama siki. Njia hiyo hiyo inaelekea kwenye miamba ya chokaa ya Chimbuko la Binadamu, eneo la urithi wa dunia tangu 1999. Katikati, chini ya Johannesburg yenyewe, pampu za mgodi wa ERPM zilisimama mwaka 2008 na maji yakaanza kupanda. Mwaka 2011 serikali iliiagiza TCTA, shirika la umma la miradi mikubwa ya maji, liingilie kati. Leo kuna mitambo mitatu: magharibi, Germiston katikati, na Grootvlei huko Springs upande wa mashariki.

Kazi ya mitambo hiyo ni rahisi kuieleza. Maji hupampwa, huchanganywa na chokaa, tindikali hufa, chuma na metali nyingi huganda na kuzama kama tope jekundu. Maji yanayobaki juu huachiwa mtoni. Nakubali kuwa bila mitambo hii hali ingekuwa mbaya mno. Lakini rudi kwenye swali letu. Tope husukumwa kurudi kwenye mashimo ya zamani chini ya ardhi au kwenye machimbo ya wazi. Na maji yaliyoachiwa bado yana chumvi ya salfeti, zaidi ya miligramu 2,000 kwa lita, wakati kiwango cha maji ya kunywa cha Afrika Kusini ni 500. Chumvi hiyo huingia kwenye mfumo wa mto Vaal, na ili isizidi, maji safi hufunguliwa kutoka bwawa la Vaal kuizimua. Jiji lenye kiu linatumia maji ya kunywa kuoshea maji ya mgodi. Kutoa chumvi hiyo mtamboni kunawezekana, ila ni ghali, na hapo ndipo mpango unapokwama.

Kwa nyumba yako, jambo la kushika ni hili. Maji ya bomba ya Johannesburg hayatoki chini ya vilima hivi. Yanatoka bwawa la Vaal, linaloongezewa maji ya milima ya Lesotho, na husafishwa na Rand Water kabla ya kufika kwako. Hofu ya bomba isikusukume kwenda kuchota kijitoni au kuchimba kisima. Maji ya kisima au kijito kilicho karibu na lundo usiyanywe, usiyapikie, usimwagilie mboga, hadi yapimwe. Kuyachemsha hakusaidii: vijidudu hufa, metali hubaki, na kwa kuwa maji yamepungua sufuriani, metali huwa imekolea zaidi. Dawa ya klorini nayo haiigusi. Kiwango cha urani kinachokubalika ni mikrogramu 30 kwa lita, na ulimi hauwezi kuionja.

Kiangazi cha baridi, kuanzia Juni, utaona kingo za vijito zimeota ukoko mweupe au wa manjano kama chumvi ya mezani. Ni metali na salfeti zilizobaki maji yalipokauka. Watoto hupenda kuuchezea. Wakataze.

Lundo likiondolewa

Vilima vingi vimekuwa vikipungua. Kampuni huvirudia kwa ajili ya dhahabu iliyosalia: huvipiga kwa maji ya shinikizo, uji hupita kwenye mabomba hadi mtamboni, na mabaki hupelekwa kwenye lundo moja kubwa, kama lile la Ergo huko Brakpan. Lundo moja linalosimamiwa ni afadhali kuliko kumi yaliyotelekezwa, na hilo nalisema bila kusita. Tatizo hubaki chini: nyayo. Mahali lundo lilipokaa miaka 80, tindikali imezamisha metali kwenye udongo wa asili. Kiwanja kinaonekana kitupu, tambarare, karibu na mjini, na madalali wanakipenda. Kama umeuziwa kiwanja cha namna hiyo, usimwage msingi hadi uone karatasi ya mamlaka ya nyuklia ya nchi, NNR, inayosema ardhi imeruhusiwa kwa makazi.

Kuondoa vibaya kunaweza kuwa hatari kuliko kusubiri. Tudor Shaft, upande wa Kagiso, watu walikuwa wakiishi juu ya mabaki yenye mionzi. Mwaka 2012 mashine zilianza kuchimba na kupakia wakati familia zikiwa bado pale pale. Shirika la kiraia la mazingira la Federation for a Sustainable Environment, linaloongozwa na Mariette Liefferink, lilikwenda mahakamani kusimamisha kazi hiyo. Ombi halikuwa lundo libaki. Shirika lilitaka athari zipimwe na wakazi washauriwe kwanza, maana vumbi lililotulia likitibuliwa huingia mapafuni mwa aliye karibu. Watu kwanza, mashine baadaye.

Kuna njia ya polepole ambayo naipenda. Chuo Kikuu cha Wits kimefanya majaribio ya miaka mingi ya kupanda miti kuzunguka malundo, ukiwemo mkarii wa hapa hapa, unaovumilia chumvi. Mizizi hunywa maji machafu kabla hayajafika kisimani kwa mtu, na majani hukinga upepo. Miti haimalizi urani. Inaizuia isitembee, na kwa eneo kubwa hivi hiyo ni kazi ya maana.

Uani na ndani ya nyumba

Upepo wa Agosti ndio mbaya zaidi, mvua zikiwa bado hazijaanza. Kanuni za vumbi za mwaka 2013 zinaruhusu miligramu 600 kwa mita ya mraba kwa siku katika makazi, lakini kipimo hicho huhesabu wingi wa vumbi na hakisemi lina nini. Funga madirisha ya upande wa lundo. Piga deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kavu. Viatu vibaki mlangoni, desturi tuliyokuja nayo na isiyogharimu kitu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, kila mara, kwa kuwa risasi humwingia mtoto zaidi kwa kidole na mdomo kuliko kwa pua, na huharibu ubongo unaokua.

Bustani usiiache, ibadilishe. Panda kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa mbao au matofali, kwa udongo ulionunuliwa na mboji, na chini tandika kitambaa kizito. Nyanya na maharage hubeba metali kidogo kuliko karoti au mboga za majani. Majani yaoshwe mara mbili tatu kwa maji ya bomba, kwani sehemu kubwa ya risasi huwa ni vumbi lililoyashika. Chokaa hupunguza metali nyingi kupanda kwenye mmea, ila aseniki inaweza kulegea zaidi, kwa hiyo usiimwage kabla ya kupima.

Mambo mawili nayasema kwa mkazo. Mchanga wa lundo usijengewe, usifyatuliwe tofali, usimwagwe uani kwa watoto kuchezea. Na mama mjamzito anayetamani udongo, ule tunaouita pemba, asijichotee wa hapa, wala asile wa sokoni asiojua ulikotoka. Sumu hupita kwake hadi kwa mtoto tumboni. Hili lisemwe kwa upole, bila kumwaibisha.

Ukipanga nyumba ambayo zama zama, wachimbaji wasio na leseni, walisagia mawe uani, kuna uwezekano wa zebaki kubaki ardhini na sakafuni. Usifagie, usipitishe mashine ya kufyonza vumbi. Ita maafisa wa afya ya mazingira wa jiji.

Kupima na kudai

Chota udongo wa juu, kina cha kidole, sehemu tano au zaidi za ua, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, peleka kiasi maabara iliyoidhinishwa na SANAS. Omba risasi, aseniki, zebaki na urani kwa majina. Viwango vya taifa vya mwaka 2014 vinaweka kikomo cha risasi kuwa miligramu 110 kwa kilo katika makazi yasiyo rasmi na 230 katika makazi ya kawaida. Asiye na sakafu ya saruji amewekewa kinga kubwa zaidi, na ni haki, kwa sababu mtoto wake hugusa udongo siku nzima. Kama una shaka na mtoto, omba kliniki kipimo cha risasi kwenye damu. Sumu ya risasi ni miongoni mwa magonjwa ambayo sheria ya hapa inataka yaripotiwe.

Katiba, kifungu cha 24, inampa kila mtu haki ya mazingira yasiyodhuru afya yake. Imesema kila mtu, haikusema kila raia. Sheria ya taka ya mwaka 2008 inakataza kuhamisha umiliki wa ardhi iliyochafuliwa bila kumwambia anayeipokea, na sheria ya upatikanaji wa taarifa ya mwaka 2000 hukuruhusu kudai vipimo vilivyokwisha kufanywa mtaani kwako.

Mkiandika barua kama mtaa, tazameni walivyofanya wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliosumishwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Hukumu ya Julai 2020 iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kando ya fidia, iliamuru udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 nyingine kwa ajili ya usafishaji. Rufaa ziliivuta kesi hiyo hadi Mahakama ya Juu, Desemba 2024. Kwa hiyo katika barua yenu, fidia iandikwe peke yake na usafishaji peke yake, kila kimoja na tarehe yake, na chini ya usafishaji ongezeni mstari unaotaja mahali udongo utakaochimbwa utakapopelekwa.