Chombo Kipi Huotesha Vizuri? Somo la Jaribio la Nyumbani, na Sababu ya Bangi Kutokuwamo

Lengo la somo: kuzisaidia kaya kupanga jaribio halali la upandaji kwenye roshani, na kufahamu sheria ya Uswidi na athari za kiafya kuhusu bangi.

Sundbyberg ni manispaa ndogo kuliko zote nchini Uswidi kwa eneo, na watu wake wamesongamana sana. Kaya nyingi za Hallonbergen, Rissne na Ör huishi ghorofani, na shamba lao ni roshani au dirisha la jikoni. Kijana mpenda kilimo huweza kuona kwenye simu yake watu wa nchi nyingine wakilinganisha vyombo vya kuoteshea bangi: chungu cha udongo, ndoo ya plastiki, mfuko wa kitambaa. Akamwuliza mzazi: kuna ubaya gani kujaribu, ikiwa ni elimu tu? Mzazi anastahili kuwa na jibu kamili. Swali la chombo ni zuri na lafaa kujibiwa kwa vitendo. Mmea ndio usiofaa.

Sheria inavyosema

Sheria ya Uswidi ya mwaka 1968 kuhusu makosa ya dawa za kulevya inakataza kuotesha, kumiliki na kuuza bangi. Matumizi yenyewe yalifanywa kosa mwaka 1988, na tangu 1993 polisi wanaweza kuagiza kipimo cha mkojo au damu kwa anayeshukiwa kutumia. Kosa dogo huadhibiwa kwa faini au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la kawaida, kifungo kisichozidi miaka 3. Makosa mazito huadhibiwa zaidi ya hapo. Hakuna idadi ya miche inayoruhusiwa kwa matumizi ya nyumbani. Mche mmoja ndani ya ndoo ni kosa, na kuuita jaribio hakuuhalalishi.

Mkanganyiko huletwa na habari za nchi jirani. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, inamruhusu mtu mzima kuotesha miche isiyozidi 3 nyumbani. Ruhusa hiyo haivuki mpaka. Wala si jambo la Uswidi peke yake: Kenya na Tanzania nazo zinakataza kilimo cha bangi.

Hukumu haiishii kwenye faini. Inaweza kuchelewesha ombi la uraia, kuzuia leseni ya udereva na kuhatarisha mkataba wa kupanga nyumba. Kwa familia iliyosubiri makazi kwa miaka mingi, hiyo ni gharama kubwa kwa ajili ya ndoo moja.

Afya ya walio nyumbani

Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Matumizi ya bangi ya mara kwa mara katika umri huo hudhoofisha kumbukumbu na umakini, na huongeza hatari ya maradhi ya akili yanayomfanya mtu aone au asikie visivyokuwapo. Mtoto mdogo akila bangi kwa bahati mbaya anaweza kusinzia mno na kupumua kwa shida. Zaidi ya hayo, kuotesha ndani kwa taa kali huleta joto, unyevu na ukungu ukutani, na nyaya zilizolemewa huweza kuwasha moto katika jengo lenye kaya nyingi.

Jaribio lenyewe

Mmea unaopendekezwa ni sukuma wiki, au ndugu yake anayeuzwa Uswidi kwa jina la grönkål. Huvumilia baridi, na majani yake huishia sufuriani.

1. Swali liwe moja. Kwa mfano: je, chombo gani hutoa majani mengi zaidi kwa wiki nane? Familia iandike swali hilo, na kila mmoja aandike anachotarajia kabla ya kuanza.

2. Kitu kimoja tu kibadilike. Vyombo viwe vya aina tatu: udongo, plastiki na kitambaa, vyote viwe na ujazo wa lita 5 na matundu chini. Mbegu, udongo wa kupandia na mbolea visitofautiane. Ndoo ikiwa kubwa kuliko chungu, haitajulikana kama kilichosaidia ni plastiki au ni ukubwa.

3. Kila aina iwe na vyombo vitatu. Mche mmoja unaweza kufa kwa konokono au kwa udhaifu wa mbegu. Mitatu hutoa ushahidi wenye nguvu zaidi. Jumla ni vyombo tisa.

4. Miche ioteshwe dirishani mwezi wa Aprili, kisha ihamishiwe nje mwishoni mwa Mei, hatari ya jalidi inapopungua. Miche yenye kimo kimoja ndiyo ichaguliwe, na igawanywe kwa kura ili yenye afya zaidi isipendelewe chombo fulani.

5. Vyombo vibadilishwe nafasi kila wiki, kwa kuwa pembe moja ya roshani hupata jua kuliko nyingine.

6. Maji yatiwe pale tu udongo unapokuwa mkavu hadi kina cha kiungo cha pili cha kidole, na kila kipimo kiandikwe daftarini. Majani yanayovunwa yapimwe kwa mizani ya jikoni.

Kusoma matokeo

Kuta za chungu cha udongo hupitisha unyevu, na kitambaa hupitisha zaidi. Kwa hiyo mizizi hupata hewa, lakini kiu huja upesi. Plastiki hutunza maji, na huweza kuozesha mizizi ikinyeshewa kupita kiasi. Kwa sababu hiyo, mavuno yasomwe pamoja na maji yaliyotumika. Chombo kilichotoa majani mengi kwa maji maradufu huenda kisimfae anayeshinda kazini. Matokeo yakikaribiana sana, jibu la kweli ni kwamba tofauti haikuonekana, na hilo nalo ni elimu.

Mazungumzo na msaada

Mzazi akigundua hamu ya bangi, aanze kwa kuuliza na kusikiliza; ukali wa kwanza humfundisha kijana kuficha. Mche ukikutwa nyumbani, usipelekwe kwa mtu mwingine. Ushauri uombwe socialtjänsten ya manispaa au polisi kwa simu 114 14.

Ushauri wa afya hupatikana kwa simu 1177, na mkalimani wa Kiswahili anaweza kuombwa katika huduma za afya. Vijana na wazazi wanaweza pia kufika kwenye kliniki za mini-Maria mkoani Stockholm. Wahudumu wa afya wana wajibu wa kutunza siri. Wakihofia hali ya mtoto wa chini ya miaka 18, hulazimika kuarifu socialtjänsten. Taarifa hiyo inakusudiwa kumlinda mtoto.

Mtu aliyekula au kuvuta bangi akizidiwa, ipigwe 112 mara moja. Kwa ushauri wa sumu usio wa dharura: 010-456 67 00.