Kurejesha Uwezo wa Kunusa baada ya Maambukizi ya Virusi

Tuchukue mfano wa mama lishe wa Kihonda aliyepona mafua makali miezi miwili iliyopita. Homa imekwisha na pua imezibuka, lakini hasikii harufu ya kitunguu kikikaangwa. Anaongeza chumvi na wateja wanalalamika. Lililo zito zaidi ni kwamba hawezi kumtambua samaki aliyeanza kuharibika, wala gesi inayovuja mtungini.

Kwa nini harufu hupotea?

Harufu hutambuliwa na seli za neva zilizo kwenye utando wa juu ndani ya pua. Mafua ya kawaida huziba njia ya hewa. Pua ikizibuka, harufu hurejea. Baadhi ya virusi, hata hivyo, hujeruhi utando wenyewe. Virusi vya UVIKO-19 hushambulia hasa seli zinazozitegemeza neva hizo. Ulimi huendelea kutambua chumvi na sukari, ila utamu wa chakula hutoweka, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni harufu. Kinachotia moyo ni kwamba seli za neva za kunusia huweza kuzaliwa upya, ingawa huchukua miezi.

Zoezi la kunusa

Mwaka 2009, Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wa wiki 12 uliotumia harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya zoezi walipata nafuu kuliko wasiofanya. Karafuu hulimwa kwenye miteremko ya Uluguru, na marashi ya waridi hupatikana madukani. Hivyo tiba hii haihitaji gharama kubwa.

1. Weka kila kitu katika kichupa chake chenye kifuniko: karafuu zilizopondwa, maganda ya limau, majani ya mkaratusi yaliyofikichwa, na pamba yenye marashi ya waridi.
2. Nusa kimoja taratibu kwa sekunde 15 hadi 20, huku ukiikumbuka harufu yake ya zamani.
3. Pumzika kidogo, kisha endelea na kingine.
4. Rudia asubuhi na jioni kwa wiki 12 au zaidi. Badilisha vitu hivyo harufu yake inapofifia.

Kahawa ikianza kunuka kama kitu kilichoungua, usikate tamaa. Mara nyingi hali hiyo hujitokeza wakati neva zinapojijenga upya. Usitie mafuta makali puani. Kujifukiza hakuponyi neva, na maji ya moto yameunguza wengi.

Usalama nyumbani

Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Andika tarehe kwenye chakula kilichohifadhiwa, na umwombe mtu mwingine akunusie.

Kwa mhudumu wa afya

Uliza tatizo lilianza lini, kama lilifuatia mafua au jeraha la kichwa, na kama lipo upande mmoja. Chunguza pua kwa vinyama na usaha. Mpe rufaa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo mgonjwa mwenye kuziba au kutokwa damu upande mmoja, maumivu makali ya kichwa, au mabadiliko ya kuona.

Si kila mgonjwa atarejewa na harufu zote. Mweleze hivyo kwa ukweli, umpangie zoezi, na umpe tarehe ya kurudi.