Chakula cha Usiku Kiamuliwe Asubuhi

Anayeishi Mbagala, Chamazi au Toangoma na kufanya kazi Kariakoo anaijua saa kumi na mbili jioni. Umesimama kwenye gari Barabara ya Kilwa yote, na ukishuka Rangi Tatu njaa ndiyo inayoongea. Kikaango cha chipsi kiko mbele yako, jiko la nyumbani halijawashwa. Wenzetu wa Tegeta na Bunju wana foleni yao na vibanda vyao vilevile. Naamini ulaji wetu unaharibikia hapo, kati ya stendi na mlango wa nyumba, kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia asubuhi, kabla hujatoka.

Alfajiri naloweka maharage au kunde. Jioni namwaga yale maji, naweka mengine, na chakula kinaiva kabla watoto hawajaanza kusinzia. Kwenye mkoba sikosi karanga au ndizi mbivu, navila nikiwa bado garini. Ukisahau, pale stendi hukosi machungwa yaliyomenywa. Tumbo likishapata kitu, unapita kwenye chipsi bila kupigana na nafsi yako.

Mboga nanunua soko la Tandika mapema, jua halijazinyausha. Kwenye matembele usiangalie ukubwa wa fungu tu. Vunja kikonyo kimoja: kikikatika kwa mlio, ni machanga, kikijikunja na kuacha nyuzi, sogea kwa muuzaji mwingine. Osha kabla ya kukata, si baada. Kaanga kitunguu na nyanya kwa mafuta uliyopima kwa kijiko, maana chupa ikiinamishwa juu ya sufuria haina breki, kisha tia mboga na uipue ingali kijani. Limau likikamuliwa mwishoni, chumvi kidogo inatosha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa pia ile iliyomo kwenye mkate, kachori na viungo vya pakiti.

Dagaa nawasifu bila kuchoka. Toa vichwa, wasuuze kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, wakaushe kidogo kwenye sufuria kavu, kisha wapike na nyanya na karanga za kusaga. Ni kitoweo cha bei nafuu, na kina protini na madini ya chokaa. Makundi ya vyakula yanayohimizwa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, mengi unayapata soko lilelile: nafaka na mizizi, jamii ya kunde, vyakula vya asili ya wanyama, mboga na matunda. Hakuna haja ya kwenda kutafuta vyakula vya bei kubwa supamaketi.

Unga nao una habari yake. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa, na kwenye zile pumba na kiini ndiko kulikokuwa na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini. Dona inabaki navyo, ila mafuta ya kiini huifanya iharibike mapema, kwa hiyo saga kidogokidogo. Kwenye nyumba ambayo watoto wanaikataa dona, changanya nusu kwa nusu kwanza.

Mchana wengi tunakula kwa mama lishe, na huko sauti yako ina kazi.

"Shikamoo mama. Leo wali nipunguzie, mboga za majani uniongezee."

"Marahaba mwanangu. Usije ukasema hujashiba!"

Akanitilia upawa wa pili wa mchicha kwa bei ileile. Tangu hapo akiniona tu anajua mkono wake uelekee sufuria gani.

Kuhusu namna ya kula, wengine watanikatalia: nalipenda sinia, lakini siku za kawaida napakua kwenye sahani. Kwenye sinia la watu wengi kila mmoja anakimbizana na mwenzake, na hakuna ajuaye amekula kiasi gani. Sinia nimeliachia futari na wageni. Simu inakaa chumbani. Sahani ikiisha, tunapiga soga kwanza. Mara nyingi anayetaka kuongeza anagundua ameshashiba.

Sukari ya chai ipunguze nusu kijiko kwa nusu kijiko, ulimi uzoee, na mchaichai au tangawizi vikusaidie. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35, wakati kiwango cha juu kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku nzima. Soda mimi naiweka kwa sherehe.

Mwenye kisukari, presha au ujauzito azungumze kwanza na mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu naye, kwa sababu mahitaji yake ni tofauti. Wengine wote, usisubiri Jumatatu wala mwanzo wa mwezi: usiku huu, kabla hujalala, chambua kunde za kuloweka kesho alfajiri.