Hesabu ya Majitaka ya Kariakoo: Somo la Darasa la Sita

Shabaha: Wanafunzi waweze kutumia asilimia kukadiria mzigo wa bomba la majitaka.

Mwalimu aanze na jambo walijualo: Kariakoo, nyumba nyingi za Kiswahili zimepisha maghorofa ya biashara. Kisha aandike ubaoni mfano huu: nyumba ya watu 20, kila mmoja akitumia lita 50 za maji, hutumia lita 1,000 kwa siku. Tukikadiria kuwa asilimia 80 huwa majitaka, hizo ni lita 800. Ghorofa la watu 200 litatoa lita 8,000.

Aulize: bomba likibaki lile lile, itakuwaje asubuhi, wengi watumiapo maji kwa pamoja? Jibu litoke kwa wanafunzi: majitaka yatafurika barabarani, na kipindupindu hupata njia. Mwisho, wakokotoe majitaka ya shule yao.